Unahesabu Popo Ili Iweje?

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma maandishi ya watu kabla hayajasomwa na wengine. Nimehariri riwaya, hotuba za harusi, tasnifu za sheria, na hata wosia mmoja. Mwaka jana nikaletewa kitu ambacho sikuwahi kukishika: barua ya kuomba nafasi ya kusomea popo. Mwombaji ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Tanga, aliyemaliza shahada ya kwanza ya usimamizi wa wanyamapori pale Sokoine, Morogoro. Aliituma usiku kwenye simu, na chini yake akaandika: "Mjomba, naomba uninyooshee Kiingereza tu. Mama usimwambie bado."

Mimi si mwanasayansi. Nadhani wengi wenu mnaosoma hapa mko kama mimi: popo tunamjua kwa maneno kuliko kwa macho. Tumekulia kwenye ngano ya vita vya ndege na wanyama, popo akihamia kwa kila anayeelekea kushinda, hadi akakataliwa na wote na kubaki kutoka usiku. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walikesha nje ya nyumba zao kwa hofu ya popobawa, jini lililobeba bawa la popo ndani ya jina lake. Waliosoma falsafa watakumbuka insha ya Thomas Nagel ya mwaka 1974, iliyouliza ikoje hali ya kuwa popo. Na kipo kile kitendawili cha utotoni: popo mbili zavuka mto. Jibu ni macho. Mnyama tunayemwita kipofu, ambaye kwa kweli anaona, wazee wetu walimfanya jicho.

Basi nikaifungua barua. Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni mwandishi amekuwa na mapenzi makubwa na viumbe hai. Sentensi ya pili ilikuwa na huduma za mfumo ikolojia, ya tatu ustahimilivu, ya nne wadau. Kiingereza chake hakikuwa na kasoro yoyote. Tatizo ni kwamba ungeweza kumfuta popo ukamweka tembo au kasa, na barua isingetikisika.

Nikampigia. "Binti yangu, hii barua kaiandika nani?"

"Mimi, mjomba."

"Hii wameiandika watu mia. Iandike kwanza kwa Kiswahili, kama unamweleza bibi yako. Kiingereza tutakivalisha baadaye."

Akacheka, akasema kwa Kiswahili itamchukua wiki nzima. Ilimchukua mbili.

Kiswahili kilimnyima pa kujificha. Bibi huwezi kumwambia huduma za mfumo ikolojia ukaishia hapo. Itabidi useme nani anakula nini. Akaandika kwamba mbuyu huchanua jua likizama, ua lake jeupe likining'inia kichwa chini, na kesho yake linanyauka na kuanguka. Katika muda huo mfupi anayelifuata ni popo wa matunda, anayekunywa asali yake na kuondoka na chavua kwenye manyoya. Ubuyu anaomumunya mtoto wa shule pale Tanga una mkono wa popo. Akaandika kwamba popo wengi wadogo hawagusi matunda kabisa: wanakula wadudu, wakiwemo nondo ambao viwavi wao humaliza mazao. Akaandika pia kwamba popo wakubwa wa matunda kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo ukiwawinda msimu mmoja, au ukikata mti mmoja wanaolala, pengo lake haliwezi kuzibika haraka kama la panya.

Katikati ya barua aliweka jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho alikaa jioni kumi na mbili kwenye mdomo wa moja ya mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, akihesabu popo wanaotoka. Alikuwa na kibonyezo cha kuhesabia mkononi, daftari mapajani na mafuta ya mbu. Siku ya tatu mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama, akamtazama, akauliza: "Unahesabu ili iweje?"

Akamjibu kisomi. Mzee akasikiliza kwa adabu, akasema, "Haya mwanangu," akaenda zake. Siku ya nne akasimama tena na swali lilelile.

Nikamwambia mpwa wangu kwamba hapo ndipo barua yake inapoanza. Yote yaliyotangulia ayafute.

Jibu la mzee alilitafuta Pemba. Huko kuna popo mkubwa wa matunda asiyepatikana kokote kwingine duniani, Pteropus voeltzkowi kwa jina la kisayansi, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita moja na nusu. Aliwindwa kwa nyama, na misitu anamolala ikakatwa, hata mwaka 1996 shirika la IUCN likamweka katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Watafiti walipohesabu katika miaka ile ya 1990, walipata maelfu machache tu. Namba hiyo ndiyo iliyobebwa kwenda kwa serikali na kwa wanavijiji. Vikaanzishwa vikundi vya uhifadhi. Pale Kidike watu wa kijiji wakaanza kulinda miti ya popo na kupokea wageni kwa kiingilio. Hesabu iliyofanywa zaidi ya muongo mmoja baadaye ilivuka 20,000, na popo wa Pemba akaondolewa katika daraja lile la hatari kuu, ingawa bado anahitaji ulinzi. Mpwa wangu aliandika sentensi moja ambayo sikuigusa: kama asingekuwepo mtu wa kuhesabu mara ya kwanza, hesabu ya pili isingemfurahisha mtu yeyote.

Mwezi wa Agosti nikaenda Tanga. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ambacho nilikuwa nakihariri. Tukakaa nje ya pango, si ndani, yeye akiwa na kifaa alichoazima kinachoshusha sauti za popo hadi sikio la binadamu lizipate. Sikio letu likijitahidi sana huishia kilohezi 20, na popo wengi wadogo hupiga kelele zao juu ya hapo. Bila kifaa jioni ilikuwa kimya, mbawa tu zikipita. Alipokiwasha, hewa yote ikajaa mlio, tik, tik, tik, halafu ghafla milio inasongamana hadi inakuwa kama kitambaa kinachochanwa. "Hapo kashika mdudu," akanong'ona. Akaniambia wapo popo wa matunda wa mapangoni ambao hawatumii mlio wa koo kutafuta njia gizani. Wao hugonga ulimi na kusikiliza mwangwi. "Huyo, mjomba, anaona kwa ulimi." Mtu wa lugha ukiambiwa hivyo unanyamaza.

Njiani tukirudi alinisimulia habari ya Donald Griffin. Mwaka 1938, akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, Griffin alibeba popo wake hadi maabara ya profesa mmoja wa fizikia aliyekuwa na kifaa cha kunasa sauti tusizozisikia. Kifaa kikalia. Baadaye, pamoja na mwanafunzi mwenzake Robert Galambos, wakathibitisha kwamba popo husafiri gizani kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe. "Walikuwa wanafunzi tu," akasema, akatazama dirishani.

Tangu habari hii ijulikane, vijana wawili watatu wameniuliza njia yenyewe ikoje. Nitasema niliyoyaona kwenye makaratasi ya mpwa wangu, maana nimeyapitia hadi nimeyakariri.

La kwanza, hutakuta shahada iitwayo popo. Utaingia kwa zuolojia, ikolojia, usimamizi wa wanyamapori, tiba ya mifugo, au hata sayansi ya kompyuta, kwa sababu sauti zinazorekodiwa usiku mmoja ni nyingi kuliko masikio ya kuzichambua. Popo utamkuta kwenye swali la utafiti. Kwa hiyo ngazi ya uzamili na uzamivu anayetafutwa kwanza ni mtu, kisha chuo. Unasoma makala za wanaofanya kazi hiyo, unamwandikia mmoja wao barua fupi yenye swali lako, si yenye sifa zako.

Na watu wapo, tena wa kwetu. Kenya yupo Paul Webala, aliyefanya uzamivu wake Australia akirudi kufundisha vyuo vya nyumbani. Alikuwa katika kikosi kilichompata tena, katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda mwaka 2019, popo ambaye hakuwa ameonekana kwa miaka 40 hivi. Nigeria yupo Iroro Tanshi, aliyesoma uzamivu Texas Tech. Mwaka 2016, katika milima ya Afi, alikuta popo aliyepotea machoni mwa wanasayansi kwa miongo. Kisha akaona moto wa mashambani unavyotishia msitu wake, akageuka kuwa mratibu wa vijiji kupambana na moto. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Whitley. Mpwa wangu alibandika habari zake ukutani, pembeni ya kalenda ya msikiti.

La pili ni fedha, na hapa inabidi kusoma maandishi madogo. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, lakini hutaka uwe umefanya kazi kwa muda usiopungua saa 2,800, kisha baada ya masomo urudi nchini mwako kwa miaka miwili. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola. DAAD ya Ujerumani ina mpango wa kusomesha watu katika vyuo vya hapahapa Afrika, na wengi hawaujui kwa sababu wakisikia Ujerumani wanawaza baridi. Marekani, uzamivu wa sayansi mara nyingi hulipwa kwa kazi: unafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au unafanya utafiti wa profesa, nao wanakupa posho. Kisha ipo ruzuku ndogo ya kazi ya porini, kama ile ya Rufford, na misaada ya Bat Conservation International kwa wanafunzi. Idea Wild wao hutoa vifaa. Ruzuku moja ndogo ikitumika vizuri ndiyo shahidi wako unapoomba kubwa.

La tatu ni vibali, na vinakula miezi. Tanzania utapita COSTECH na TAWIRI. Kenya ni NACOSTI na KWS. Asiyeanza mapema hukuta msimu wa popo umepita yeye bado anasubiri muhuri.

Haya yote dada yangu hakuyajua hadi Septemba. Alipojua, hakuuliza ada wala chuo. Aliuliza: "Popo si ndio wa Marburg?"

Ni swali la haki. Mwaka 2023 ugonjwa huo uliua watu Kagera, ukarudi mkoa huohuo mwaka 2025, Biharamulo. Na virusi vyake hifadhi yake ya asili ni popo, yule yule wa mapangoni anayegonga ulimi. Ndugu msomaji, barua nzuri haimsaidii mama anayewaza jeneza lililofungwa. Mpwa wangu hakumwambia kwamba hakuna hatari. Alimsimulia habari ya mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda.

Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka waliambukizwa Marburg. Watu wakaamua kumaliza tatizo kwa kuwaangamiza popo wote waliokuwamo mgodini. Miaka michache baadaye popo wengine wakahamia humo, wachache kuliko wa kwanza, lakini watafiti walipowapima walikuta walioambukizwa wameongezeka zaidi ya maradufu kwa kiwango. Na mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena Uganda. "Mama," akasema, "waliua ili wawe salama, wakaongeza hatari. Nani angejua kama asingekuwepo mtu wa kuingia mle na kupima?"

Dada yangu akanyamaza, halafu akauliza anayeingia mle anavaa nini. Wakakaa hadi saa sita usiku wakizungumzia barakoa, glovu, suti na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mtu wa popo huchanjwa kabla ya kuanza kazi. Mimi sebuleni nilijifanya nimelala.

Hofu ilipopata majibu, ikabaki hesabu nyingine. Shemeji yangu alishafariki, na mdogo wake mpwa wangu ameingia kidato cha tano. Wiki ileile taasisi moja ya mikopo ilimwita mpwa wangu kazini, mshahara kila tarehe 25. Wiki iliyofuata chuo kimoja cha Ulaya kikamkubali kwa uzamili, kwa barua iliyojaa pongezi na isiyo na senti. Tulikuwa na kikao nyumbani, mimi, dada, baba mkubwa wake na yeye. Baba mkubwa akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anakizunguka: "Ukimaliza, atakuajiri nani?"

Hakumdanganya. Kazi yenye bango lililoandikwa mtaalamu wa popo karibu haipo. Zipo nafasi chache za makumbusho, vyuo na taasisi za wanyamapori. Ipo kazi ya tathmini ya mazingira: mashamba ya upepo yanaongezeka, pangaboi zake huua popo, na wakopeshaji wakubwa hutaka popo wahesabiwe kabla nguzo hazijasimikwa. Ipo miradi ya magonjwa, ambayo ndiyo iliyoleta fedha nyingi zaidi. Mradi wa PREDICT wa Wamarekani, ulioanza 2009, uliwafunza vijana wengi wa Afrika Mashariki kuchukua sampuli. Lakini fedha hizo zinakuja na upepo wa siasa za mbali. Mwaka 2025 USAID ilipofungwa, watu wenye shahada zao walijikuta nyumbani ndani ya wiki chache. "Kwa hiyo, baba," akamaliza, "sitaajiriwa na popo. Nitaajiriwa na kujua kuhesabu, kuchambua takwimu, kuandika na kuongea na watu wa kijijini. Popo ndiye atakayenifundisha hayo."

Nilipenda kwamba hakusema ndoto. Neno hilo limechoka sana.

Uamuzi uliofikiwa ni huu. Ulaya ameiacha isubiri. Anafanya uzamili hapahapa nchini, ada yake nafuu, na ruzuku ndogo ya porini ameshaiomba na kupata. Ada ya mdogo wake nitailipa mimi kwa miaka miwili. Maana yake ni kwamba gari langu litaendelea kukohoa, na nitaendelea kuhariri hotuba za harusi. Taasisi ya mikopo aliishukuru kwa barua, nayo niliihariri. Dada yangu alitoa masharti yake mawili: chanjo kwanza kabla ya popo wa kwanza, na simu kila akitoka pangoni, hata kama ni saa nane usiku.

Wapo watakaosema kusoma nyumbani ni daraja la pili. Nimesoma barua zake zote, na naona kinyume. Mwanafunzi aliyeko Ulaya anayesomea popo wa Tanga atakuja kwa wiki sita, akiwa na mkalimani. Huyu anakaa mwaka mzima, na mkalimani ni yeye mwenyewe.

Na ukalimani wenyewe ni kazi nzito kuliko nilivyodhani tulipoanza. Wanasayansi wamehesabu spishi zaidi ya 1,400 za popo duniani, na Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya 100. Kamusi zetu zina neno moja: popo. Yule wa matunda anayepanda mbuyu, yule wa pangoni anayebeba virusi, na yule mdogo anayekula nondo shambani, wote ni popo. Matokeo yake ni kwamba redio ikitangaza Marburg, kijiji kinachoma moto mti wa popo wasiohusika. Mpwa wangu anapoandaa mabango na maswali ya kuwahoji wanavijiji, kila jioni ananipigia: hili tuliiteje? Kiingereza kinaye popo wa kiatu cha farasi, kwa sababu ya umbo la pua yake, lakini huku kwetu nani anajua kiatu cha farasi? Nikimpa jina nililolitunga mezani, naona kabisa kwamba limetungwa mezani.

Kwa hiyo ameacha kuniuliza mimi, anauliza kule kule. Yule mzee wa baiskeli bado anapita jioni. Siku hizi husimama, hukaa juu ya jiwe na kushika kibonyezo kwa muda wakati yeye anaandika. Wakati akibonyeza husema majina: wanaotoka mapema kabla ya magharibi wana lao, na wanaotoka nyuma, wanaoruka chinichini karibu na majani, wana lao. Nimeyatafuta majina hayo mawili katika kamusi zote nilizo nazo na sikuyakuta. Sitayaandika hapa. Yamo katika sura ya tatu ya tasnifu yake, na ni haki yake kuyatoa mwenyewe, pamoja na jina la aliyempa.